Paa Wazi, Chumvi Chini: Vidokezo kwa mwenye gari la viti viwili ng'ambo ya kisiwa

Nina Eunos Roadster, gari dogo la Mazda, viti viwili, paa la turubai, na ninaishi Mtongwe. Kila ninapoegesha pale Likoni hakosi mtu wa kuniuliza maswali mawili: linakula mafuta kiasi gani, na mvua ikinyesha je? La kwanza ni jepesi, halili sana. La pili ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu mvua si adui mkubwa. Adui ni chumvi. Haionekani, haina msimu, na sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tunaivuka kila tunapokwenda mjini. Gari la kawaida litaistahimili miaka mingi. Hili dogo, lenye paa linalofunguka na tumbo lisilofika shubiri moja kutoka ardhini, lataka mkono wa karibu zaidi.

1. Angalia mwaka kabla ya kuangalia rangi

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Kwa hiyo zile Roadster za mwanzo, zilizoingia sokoni 1989, hazishuki tena Kilindini. Ukiitaka, utainunua kwa mtu aliye nayo hapa nchini, na usitoe hata shilingi kabla hujalala chini ya gari na tochi. Bandarini utakuta vijukuu vyake: Roadster ya kizazi cha nne, Daihatsu Copen, na Honda S660 iliyokoma kutengenezwa 2022.

Copen na S660 ni vigari vya lile daraja dogo la Japani: injini ya 658cc yenye tabo, nguvu za farasi 64. Zinatosha kabisa, maana S660 ina uzito wa kilo 830 hivi. Kwa Roadster mpya, jua tofauti moja yenye fedha ndani yake. Ile ya turubai inayouzwa Japani kwa kawaida huwa na injini ya 1496cc. Ile ya paa gumu iitwayo RF ina 1997cc. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikipita 1500cc. Mimi ningechukua ya turubai hata kama ushuru ungekuwa sawa, lakini hilo ni la moyo wangu.

2. Soma maji kabla ya kushuka feri

Feri ya Likoni hulaza mlango wake juu ya mteremko wa saruji, na pembe kati ya viwili hivyo hubadilika kutwa kucha. Maji yakijaa, mlango unalala karibu sawa na nchi kavu. Yakipwa, feri inakaa chini, na wakati wa kutoka unaukuta mteremko umesimama mbele ya uso wako. Probox halihisi kitu. Lako linabusu saruji kwa bampa, au linakalia tumbo pale penye ukingo wa mlango.

Bamvua ndiyo ya kuangalia. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kupwa kwake huangukia karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Siku za maji mafu vuka saa yoyote upendayo. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji la mwaka mzima, na mvuvi yeyote wa Mtongwe atakuambia bila jedwali.

Nikilazimika kuvuka maji yakiwa yamepwa, humwacha wa mbele yangu atoke kabisa, kisha hupanda kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia. Usikimbilie povu linalolamba mteremko. Hayo ni maji ya bahari halisi, na huruka mpaka kwenye breki. Siku hizi pia kuna njia ya Dongo Kundu: unazunguka, unatokea Miritini bila kugusa feri. Petroli itakayoenda ni ndogo kuliko bei ya bampa.

3. Breki ya mkono isiwe pambo

Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri likaanguka katika mkondo wa Likoni, na mama na bintiye wakafa maji. Sisi tunaovuka kila siku hatujasahau. Ndani ya feri weka gia, vuta breki ya mkono, na mguu ubaki kwenye breki mpaka mlango upandishwe.

Kwenye Roadster za zamani breki ya mkono hukaza breki za magurudumu ya nyuma, na chumvi huzigandisha taratibu. Ivute ukihesabu milio. Ikipita saba, ikazwe. Kuna skrubu ya pembe sita iliyojificha nyuma ya bolti, fundi asiyeijua atakuuzia waya mpya ambao hukuuhitaji. Mwonyeshe mwenyewe.

4. Suuza tumbo, na uulize maji yametoka wapi

Watu huosha gari juu, kwenye rangi, mahali ambapo macho yanafika. Kutu huanzia chini: nyuma ya magurudumu, kwenye vizingiti vya milango, pale unapoweka jaki. Mara moja kwa wiki yatosha. Ukivuka siku ya bamvua, au ukienda pwani kuegesha mchangani, suuza siku hiyo hiyo.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea. Visima vingi vya Likoni na Kisauni vina maji ya chumvi; onja utajua. Kuyamwaga chini ya gari ni kupaka chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya mfereji siku yanapotoka. Mfereji ukikauka, kinga mvua, au nunua mitungi miwili ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni baada ya kumuuliza alikoyateka. Vijana wa kuosha magari nao waulize swali hilo hilo. Mashine yao ya presha ni nzuri kwa tumbo la gari. Kwenye turubai isikaribie, inang'oa nyuzi na kuifungua mishono.

Ukimaliza, liendeshe robo saa likauke kwa upepo. Usilifunike kwa nailoni likiwa na majimaji, maana chini ya nailoni, kwa joto la kaskazi, ni kama umelipika kwa mvuke. Na ukimwona fundi amebeba kopo la oili chafu akitaka kulipaka chuma cha chini, mshukuru umzuie. Oili hiyo inakula raba zote za miguu ya gari. Nunua nta ya kuzuia kutu, inyunyizwe ndani ya vizingiti kupitia matundu yaliyopo, kila mwaka kabla ya masika.

5. Mshipi wa kuvulia ndio dawa ya mifereji ya paa

Kama utakumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. Paa la turubai halizuii maji yote. Limeundwa kuyakusanya na kuyaongoza. Kwenye Roadster maji yanayoteremka nyuma ya paa huingia katika matundu mawili, moja kila upande nyuma ya viti, hupita kwenye mirija ndani ya bodi, na kutoka chini mbele ya gurudumu la nyuma. Majani ya mwarobaini, vumbi na manyoya ya kunguru huiziba. Maji yakikosa njia hulala ndani ya kizingiti, na hapo gari huoza kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa. Utakapoona kipovu cha kwanza kwenye rangi, chuma cha nyuma yake kimeshakwisha.

Usichokoe kwa waya, utatoboa mrija. Nenda duka la zana za uvuvi, nunua mshipi wa nailoni mnene, unyooshe kama mita moja, uchome ncha kwa kiberiti iwe duara lisilokata. Upenyeze polepole kutoka juu. Kisha mimina kikombe cha maji na uchungulie chini. Yatoke yote, pande zote mbili, kwa kasi ile ile. Mimi hufanya hivi Machi, kabla ya mvua za masika, tena Oktoba kabla ya vuli, na Mei yote hurudia kila Ijumaa kwa sababu ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi kwetu.

Nilinunua langu kwa mtu aliyekuwa akisema zulia lilikuwa "na unyevu kidogo wa AC". Mirija yote miwili ilikuwa imeziba udongo mgumu. Kizingiti cha kushoto kilikatwa kikachomelewa kipya, na gharama yake ingenunua mshipi wa kutosha kijiji kizima.

6. Kivuli, lakini si kivuli chochote

Jua la Mombasa hukausha turubai likapasuka kwenye mikunjo. Kivuli bora nilichokipata ni banda la makuti: hewa inapita, joto halijifungi ndani kama chini ya mabati. Kivuli kibaya ni mnazi, na sihitaji kueleza. Mwembe nao hutoa utomvu, na popo wakija kula maembe usiku, asubuhi turubai lina ramani. Kunguru ni hesabu nyingine. Hudonoa raba za madirisha na za waipa, na kinyesi chao kikikaa kutwa kinaacha alama. Kifute mapema kwa kitambaa chenye maji, bila kusugua.

Dirisha la nyuma la Roadster za zamani ni la plastiki na lina zipu. Lifungue zipu kwanza, lilaze, ndipo ukunje paa. Ukikunja paa na dirisha lake, baada ya mara chache tu litapasuka. Usikunje turubai bichi. Litaota ukungu ndani ya siku mbili. Raba zipake mafuta ya silikoni, si vaselini.

Wa Copen, lenu ni paa gumu la umeme linalojikunja ndani ya buti. Pazia la buti liwe limefungwa kabla hujabonyeza, mizigo isivuke mstari wake, na injini iwe inawaka ili betri isichoke katikati ya safari ya paa. Pale gereji mara nyingi huambiwa mota imekufa, kumbe ni pazia.

7. Joto kwenye foleni

Magari haya hupoa vizuri yakitembea. Taabu ni kusimama: foleni ya feri saa kumi na moja jioni, au nyuma ya matrela Changamwe. Angalia juu ya radieta ya Roadster ya zamani. Kichwa chake ni cha plastiki nyeusi. Kikigeuka rangi ya kahawia, plastiki imeshaiva na iko karibu kupasuka. Badilisha kabla haijachagua mahali pa kukuaibisha. Weka maji ya rangi ya radieta, wala usijazie ya kisima. Feni zijaribiwe zote mbili. Na thamostati isitolewe. Kuna ushauri wa mtaani wa kuitoa "ili ipoe", lakini injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kujisaga.

Kwa injini za tabo, badilisha oili kila kilomita 5000, na baada ya mwendo mkali acha injini ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima.

8. Tuta lipandwe kwa mshazari

Gurudumu moja kwanza, polepole, mguu ukiwa umeachia breki pale tairi linapogusa tuta, ili pua ya gari inyanyuke. Matuta ya mitaa ya Kisauni, hasa yale wanayojijengea wakazi, hayafanani hata mawili. Barabara ikijaa maji, usibahatishe. Ngoja pikipiki ipite. Maji yakifika katikati ya gurudumu la boda, rudi.

Wanaodhani magari ya namna hii hayawezi ardhi yetu wakumbuke Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili. Lilishinda Safari Rally 1971, likarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kwenye vumbi na tope la barabara zetu.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Lenye miaka sita usilichukue hata kama meno yake ni mapya. Roadster ya kizazi cha nne, Copen na S660 hazina tairi la akiba, zina gundi ya pancha na pampu ndogo. Angalia kama gundi hiyo haijaisha muda, na jua fundi wa pancha aliye karibu na kila unakopita usiku.

9. Changamwe: uonekane

Paa la Roadster liko karibu mita moja na robo kutoka ardhini. Dereva wa trela linalotoka bandarini ameketi juu sana kukuona ukiwa ubavuni mwake. Kutoka daraja la Makupa hadi Magongo, usikae kamwe kando ya trela linalokata kona. Ama mpite haraka kukiwa wazi, ama baki nyuma mpaka uone vioo vyake vyote viwili. Washa taa mchana. Piga honi bila haya. Paa likiwa wazi utasikia lori kabla hujaliona, na hiyo ni faida ambayo wenye magari yaliyofungwa vioo hawana.

10. Jua jina la pili la gari lako

Ukiingia duka la spea ukasema "Mazda ndogo ya michezo", utatoka na kitu kisichoingia. Taja msimbo wa chesisi: NA6CE au NA8C kwa Roadster za mwanzo, NB8C kwa kizazi cha pili chenye 1.8, ND5RC kwa hii ya sasa ya turubai. Copen ya zamani ni L880K, mpya ni LA400K. S660 ni JW5. Uandike kwenye simu pamoja na namba ya injini.

Kisha uliza undugu. Injini ya 1.6 ya Roadster ya kwanza ni ya ukoo mmoja na ya Mazda 323 na Familia, ambazo zilijaa hapa, na mzee yeyote wa gereji ameshaifungua. Filta, gasketi na mkanda wa taimingi huweza kupatikana bila kuagiza Japani. Linganisha cha zamani na kipya mezani kabla ya kulipa. Mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000, na pampu ya maji pamoja nao, kwa kuwa kazi ya kufikia ni ile ile. Betri ya Roadster hizo za mwanzo iko ndani ya buti na ina mirija ya kutoa hewa nje. Ukiweka ya kawaida isiyo na mirija, mvuke wa asidi utakula chuma cha buti.

11. Redio

Ya Kijapani huanzia 76 na nyingi huishia 90, kwa hiyo Baraka FM kwenye 95.5 hutaipata. Kifaa cha kugeuza mawimbi ni bei ndogo, hukaa nyuma ya redio.

12. Usiache kitu ndani

Turubai hukatwa kwa wembe kwa sekunde mbili, na turubai jipya ni ghali kuliko mkoba wowote. Chukua kila kitu, acha kisanduku cha mbele wazi ili aonaye aone hakuna kitu.

13. Arusi zitakuja

Zitakuja tu. Jirani, binamu, rafiki wa binamu. Kila mmoja atataka bwana arusi aje na gari wazi nyuma ya matarumbeta. Mimi hukubali kwa furaha, kwa masharti matatu. Naendesha mwenyewe. Hakuna anayeketi juu ya buti. Kiti ni kimoja cha abiria na mkanda unafungwa, kwa hiyo huwa ni bwana arusi pekee, na bibi arusi anakuja na gari la wazee. Maua hufungwa kwa utepe wa kitambaa, hayabandikwi kwa gundi ya karatasi, maana jua likishaipika gundi ile inang'oka na rangi. Mwendo wa matarumbeta ni wa mguu, kwa hiyo rudia kidokezo cha 7 na uangalie mshale wa joto.

14. Saa ya kufungua paa

Kati ya saa nne na saa kumi, lifunge. Jua hilo linachoma utosi, linapasua dashibodi, na hakuna raha yoyote ndani yake. Saa yake ni alfajiri baada ya sala, au jioni jua likishalegea. Vaa kofia ya kubana; mtandio au shela ifungwe vyema ndani ya nguo, ncha zisipepee. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa Nice 1927 kwa shela iliyojiviringisha kwenye gurudumu la gari wazi. Vioo vya pembeni vipandishe, upepo utapita juu ya kichwa na mtaweza kuzungumza.

Njia yangu ni kutoka Mtongwe kuishika barabara ya Dongo Kundu saa kumi na mbili kasoro, kabla ya malori. Juu ya daraja la Mteza mikoko iko chini pande zote mbili, na maji yakiwa yamepwa harufu ya tope inakufikia moja kwa moja, haijapitia dirisha lolote. Mke wangu huleta mahamri kwenye kitambaa. Tunageuza Miritini, tunarudi polepole, na jua linapofika juu ya minazi gari limeshasuuzwa liko chini ya makuti.